Majani ya Wageni

Wifi yangu Pek Khim aliolewa kwetu akiwa hajui chai. Sisemi alijua kidogo. Nasema hakujua kabisa. Kwao ni pwani, ukoo wa watengeneza mchuzi wa samaki, watu wa mapipa na chumvi. Siku ya kwanza alipoletwa huku juu mlimani Fenghuang, baba yangu alimmiminia kikombe, naye akakibugia kama dawa ya minyoo, akasema asante. Baba alimtazama, akamtazama kaka yangu Beng Chuan, kisha akanyanyuka akaenda kukagua mikeka ya kuanikia.

"Nimemfanya nini mzee?" alinong'ona bibi harusi.

"Umekunywa," kaka alimjibu.

"Si ndiyo kanipa ninywe?"

"Ndiyo hivyo. Umekunywa tu."

Mimi nilicheka mpaka mama akanifinya. Lakini usidhani nilimdharau. Nilikuwa nimeshaolewa kijiji cha chini, nilijua ilivyo kuingia nyumba ya watu na kukosea jambo ambalo hata hujui kwamba lipo. Kikombe chetu ni kidogo, unakishika kwa vidole viwili. Unanusa kwanza. Unafyonza kwa kelele, ile kelele ambayo mtoto akiifanya kwenye supu anachapwa. Unaizungusha kinywani, unameza, unafunga mdomo na kutoa pumzi puani taratibu. Halafu unasubiri, kwa sababu chai yenyewe inaanza baada ya kuimeza.

Huku hatuchanganyi. Kila mti unachumwa peke yake na kukaushwa peke yake, na una jina lake. Nyuma ya nyumba yetu uko Mlozi, uko Ua la Tangawizi, uko Asali, na uko Mavi ya Bata, ambao wageni wa mjini wakisikia jina lake wanarudisha kikombe mezani, na wakishaonja wanaomba kingine. Baba aliijua miti hiyo yote kwa ulimi. Ungemfumba macho ukampa kikombe, angekutajia mti, upande wa mti, na kama siku ya kuchuma ilikuwa na ukungu.

Kufundisha sasa! Mzee yule hakufundisha, alitesa. Alikuwa akimmiminia Pek Khim, anangoja ameze, halafu anauliza swali lake moja tu: "Imebaki nini?"

Hakuuliza kama ni tamu, wala kama ameipenda. Aliuliza kilichobaki. Na Pek Khim, maskini, alijibu, "Tamu, Baba," na mzee akachukua bakuli lenye kifuniko, lile tunamolowekea majani, akaimwaga chai yote iliyobaki kwenye beseni la makapi, mbele ya macho yake. Mwaka mzima wa kwanza alimwagiwa chai. Wapo watu wanaotukanwa kwa maneno. Yeye alitukanwa kwa mlio wa maji kwenye beseni.

"Pua imeharibiwa na samaki hiyo," Baba alikuwa akimwambia Beng Chuan, tena Pek Khim mwenyewe akisikia. "Wewe wa pwani, sogea, unazuia mwanga."

Siku moja nilichoka kuona. Nikamvuta jikoni. "Wifi, acha kutafuta maneno ya wauza chai. Huyu hataki maua. Sema kitu unachokijua wewe."

Kesho yake Baba alimimina, akauliza. Pek Khim akafumba macho muda mrefu, mpaka nikadhani kasinzia. "Imebaki mvuke wa wali, Baba. Ule wa kwanza, unapofunua sufuria."

"Hapa si jikoni," Baba alisema. Ila hakumwaga. Sote tuliona kwamba hakumwaga.

Tangu hapo akawa anajibu kwa mambo yake: shuka iliyoanikwa juani, ganda la chungwa lililokauka dirishani, ukakasi wa ndizi mbichi unaoshika pembeni mwa ulimi kisha unaachia. Baba alikuwa akiguna tu. Kwa mzee yule, mguno ni hotuba.

Basi siku moja tulikuwa uani, sisi wawili, tunachambua vikonyo kwenye chai kavu, ambayo sisi huku tunaiita mchele. Pek Khim akaniambia kwa sauti ya chini, na furaha imemjaa, "Unajua, Baba ananipenda, hasemi tu. Kila nikiingia akiwa mezani, hata kama ameanza sasa hivi, anamwaga majani ya zamani na kunitilia mapya."

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha nikamwona uso, nikaacha.

"Wifi," nikamwambia, "anayebadilishiwa majani ni mgeni. Mgeni akiingia, lazima yabadilishwe. Kumpa majani yaliyochoka ni kumwambia aende zake. Mtu wa nyumbani hunywa anachokikuta."

Alichomoa kikonyo kimoja. "Mbona hata wewe anakubadilishia?"

"Mimi nimeolewa kwingine, mama. Mimi ni mgeni kwa haki yangu."

Nilisema kwa mzaha, lakini neno lenyewe lilinichoma nilipolisikia likitoka kinywani mwangu. Tukainama tena kwenye vikonyo. Na baada ya siku ile, kila alipoingia sebuleni na kusikia majani yakianguka kwenye beseni, niliona mabega yake yakishuka.

Kisha Beng Chuan akafa. Ilikuwa pikipiki, ukungu na kona ile ya daraja. Sitaki kusema zaidi. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Hapo ndipo watu walipoanza kumtazama Pek Khim kama kabati lililosahauliwa na waliohama.

Kazi ya moto kaka aliifanya pamoja na Baba: kuikausha chai kwa makaa, vikapu vya mianzi juu ya mashimo ya moto uliofunikwa majivu, saa nyingi, joto kidogo kidogo. Mti mzuri ukiharibiwa motoni hauna tofauti na nyasi. Sasa Baba alibaki peke yake motoni, naye alikuwa amekonda na kuwa mkimya hata kwa kipimo chake. Ndipo binamu yetu Hok Liang, mtoto wa baba mdogo, akaanza kuja kila siku.

Si mtu mbaya, Hok Liang. Tatizo lake ni mdomo. Anauza chai kwa simu, anajirekodi akiwa ameshika kikombe: "Marafiki, hapa kuna okidi inayolia kwenye umande wa alfajiri!" Mimi sijawahi kusikia ua la okidi likilia. Lakini watu wananunua.

"Baba mkubwa," alisema siku hiyo, sote tukiwepo, "moto unataka mwanamume. Na huyu shemeji yetu bado kijana, ndugu zake wapo. Tumsindikize kwao kwa heshima."

Kumsindikiza kwa heshima! Nilimjibu, "Hok Liang, heshima hiyo mpeleke mama yako kwanza, tuone atakavyoipokea."

"Dada, mimi naongea na wanaume."

"Wanaume wako wapi?"

Baba alipiga meza kwa kiganja. Akasema mnunuzi Bwana Ko akija, yeye Baba atatenga mabakuli matano, chai ya miti yake mwenyewe, na Hok Liang na Pek Khim wataonja. "Anayeijua miti yangu atakaa na moto. Asiyeijua ateremke." Hakumtazama yeyote. Pek Khim aliinamisha kichwa, akaenda kuchota maji. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kuteremka kwa Hok Liang ni kurudi kwenye simu yake, na kuteremka kwake yeye ni kuiacha nyumba, na kaburi la mumewe juu ya shamba, na kila kitu alichokuwa nacho.

Bwana Ko ndiye mnunuzi wetu kutoka mjini Swatow tangu mimi mtoto. Akikunja uso kwenye kikombe cha mtu, mlima mzima unapata habari kabla ya chakula cha mchana. Alifika asubuhi, akakaa, akasema yeye ataonja maji ya pili ya kila bakuli, yaani majani yale yale yakimiminiwa maji tena, ili uso wake usije ukawasaidia wanaoshindana. Kwa hiyo maji ya kwanza yalikuwa ya watatu: Baba, Hok Liang, Pek Khim. Mimi nilikuwa uani tangu mapema na ungo wangu wa vikonyo, mlango uko wazi, naona kila kitu.

Birika lilikuwa linachemka juu ya makaa. Baba alimimina kwa kuzungusha, kikombe hadi kikombe, rangi ileile kwa wote.

Bakuli la kwanza wote wawili walipata. Hok Liang alitaja jina na kutandaza maneno yake ya simu, Pek Khim alisema, "Asali. Umebaki utamu wa nta, si wa sukari." La pili wakapata tena, Mavi ya Bata, Bwana Ko akacheka kidogo kama anavyocheka kila mwaka. La tatu Pek Khim alifyonza, akatoa pumzi, akasema ni Asali ya upande wa kivulini. Hok Liang alisema Mlozi. Ulikuwa Mlozi.

Sijui kama niliupiga ungo kwa ngumi au uliniponyoka. Mlozi! Mti ulio nyuma ya dirisha lake! Nilimwona Pek Khim amekaza vidole juu ya mapaja. Hok Liang alijisogeza vizuri kwenye kiti, tayari amekuwa mwenye nyumba.

Bakuli la nne. Hok Liang alifyonza, akatulia kidogo tu, kidogo mno, kisha tabasamu likarudi. "Ua la Tangawizi, baba mkubwa. Na moto wake ni ule ule wako, hakuna mwingine mlimani anayeuweza."

Baba alikunywa chake, akakiweka chini kwa utulivu.

Pek Khim akanywa. Niliona anameza, niliona anafunga mdomo, na pumzi ya puani haikutoka. Aliishika ndani. Akayatupa macho kwenye kikombe cha Baba kilichokuwa kitupu, kisha usoni kwake. Baadaye aliniambia alichokionja: moshi. Si moshi wa juu unaopita, bali ule mchachu unaokaa kooni. Wakati wa kugeuza chai, kikapu huinuliwa nje ya shimo kwanza, kwa sababu ukigeuza juu ya moto vumbi la majani huangukia makaa na kurudi kama moshi. Kwa kosa hilo Baba alikuwa akimpiga Beng Chuan mgongoni kwa fagio. Na sasa amelifanya mzee mwenyewe, na ameinywa chai hiyo mpaka tone la mwisho, na hajahisi kitu.

"Imebaki nini?" Baba aliuliza.

Pek Khim alikiweka kikombe chini. Bwana Ko alikuwa amekisogeza kikombe chake, anangoja maji ya pili. Baba akainua birika.

Mimi uani sikujua lolote, nilijua tu kwamba amekwama. Sema! Sema jina lolote! Kumbe jina alikuwa nalo. Akitaja moshi, ameshinda, na amemvua mzee nguo mbele ya Bwana Ko. Akinyamaza, maji ya pili yanamiminwa, Bwana Ko anaonja mwenyewe, na ni yale yale.

"Wifi!" alipiga kelele ghafla, mpaka Hok Liang akamwaga chai. "Wifi, mbona umesimama mlangoni kama mdai? Ingia unywe chai!"

Kwanza, nilikuwa nimekaa. Pili, nilikuwepo pale tangu asubuhi, hata mboga za mchana nilimkatia mimi. Nilifungua mdomo nimwambie hayo, akanitolea macho ambayo hajawahi kunitolea maishani. Nikanyanyuka, nikajikung'uta vumbi, nikavuka kizingiti kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Haya, hodi," nikasema, mjinga mimi, sijui hata naingia kwenye nini.

"Mgeni ameingia, Baba," Pek Khim alisema. "Tubadilishe majani."

Na kabla birika halijainama alilinyakua bakuli la nne kwa mikono miwili na kulipindua kwenye beseni. Majani yote, puu.

"Amemwaga!" Hok Liang alisimama. "Mnaona? Haijui, ndiyo maana amemwaga!"

"Mbona mimi sijaonja," Bwana Ko alisema, kikombe bado mkononi.

"Utaonja ya tano, Bwana Ko, ndiyo uliyoipandia mlima," Pek Khim alijibu huku akipuliza vidole. Alikuwa amejiunguza.

Baba alilirudisha birika kwenye makaa. "Jina lake," alisema.

"Ua la Tangawizi, Baba."

"Imebaki nini?"

Pek Khim alimtazama mzee machoni, jambo ambalo wakwe wa kwetu hawalifanyi. "Nimesahau," alisema.

Hok Liang alicheka waziwazi. Baba alinyoosha mkono akachukua jani moja kutoka kwenye beseni. Akalitafuna, akangoja, na uso wake ukabaki vile vile, kama anayetafuna karatasi. Kisha akachukua la pili na kulifungua kwa vidole. Jani lililokaushwa vizuri likinywa maji hufunguka lote, laini kama lilivyokuwa mtini. Hili halikufunguka. Lilikatika mkononi mwake. Akachukua jingine, nalo likakatika. Alivifuta vidole kwenye suruali polepole, na nilimwona baba yangu akizeeka pale pale kwenye kiti.

"Ya tano," alisema.

Ya tano wote wawili waliipata, Bwana Ko akaipenda, akachukua mzigo wake, akaondoka ameridhika. Hok Liang alimfuata hadi barabarani, na aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Basi kesho nakuja kuwasha moto." Baba aliendelea kusuuza vikombe.

Jioni kabla sijateremka kwangu nilimkuta Pek Khim anakunja nguo. Aliponieleza habari ya moshi nilipandwa na hasira, nakuambia ukweli, nilitaka kumpiga.

"Ungesema! Hata moshi tu ungeutaja kwa sauti! Umeshinda halafu unatupa!"

"Mbele ya Bwana Ko?"

"Mbele ya mfalme! Sasa unaenda wapi? Kwenye mapipa?"

"Nilikosea Mlozi, wifi."

"Mlozi kitu gani! Yule hakuonja moshi, au aliuonja akaufunika kwa sifa, sijui lipi ni baya zaidi."

"Sauti, Baba atasikia," alisema, akaendelea kukunja. "Huyo mzee pua imeondoka na mwanawe. Unadhani atakubali kukaa na mtu anayelijua hilo?"

Nilimsaidia kufunga begi, na nililia njia nzima ya kushuka.

Asubuhi nilipanda tena mapema, na kwa bahati yangu mbaya Hok Liang alinipakia kwenye gari lake. Aliimba njiani. Tulimkuta Baba mezani peke yake. Alipotuona alifunua bakuli, akamwaga majani aliyokuwa akiyanywa, akatutilia mapya, Mlozi, chai nzuri kabisa. Tukakaa. Hok Liang akaanza: atapanua mashimo, ataweka taa za kupigia picha, atabandika nembo kwenye makopo. Baba alikuwa akiongeza maji tu. Alimimina, akamimina, mpaka rangi ikakimbia na kwenye vikombe vipya kukawa karibu maji matupu, na binamu bado anaongea. Mimi changu kizuri cha mwanzo kilikuwa bado kimejaa, kimepoa mbele yangu.

Ndipo Pek Khim akatoka chumbani na begi. Aliliweka chini ili aage.

Baba alishika kifuniko cha bakuli. Sote tulitazama beseni. Pek Khim naye alilitazama, na mabega yakajiandaa kushuka. Mzee akachukua birika, akayamiminia maji majani yale yale yaliyochoka, akafunika, akamjazia kikombe, akakisukuma upande wake wa meza.

"Baba mkubwa," Hok Liang alisema, "hayo yamekwisha. Mbadilishie majani."

"Nimbadilishie nani?" Baba alimuuliza. "Mgeni yuko wapi hapa?"

Hok Liang alifungua mdomo. Kisha alitazama kikombe chake mwenyewe, akatazama beseni lenye majani aliyomwagiwa yeye alipoingia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupata neno.

Pek Khim alikuwa bado amesimama. Alikishika kikombe kwa vidole vilivyofungwa kitambaa, akafyonza kwa kelele yote, akameza, akatoa pumzi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Imebaki nini, wewe wa pwani?"

"Maji ya moto, Baba," alisema. "Na utamu kidogo huku nyuma, ukisubiri."

Baba aliguna. Kisha alisema, kwa sauti ambayo hata Hok Liang aliisikia vizuri, "Kikapu kinainuliwa nje ya shimo kabla ya kugeuza. Mimi nilisahau. Wewe usisahau."

"Ndiyo, Baba."

"Basi nenda, makaa yanangoja."

Pek Khim alilisukuma begi nyuma ya mlango kwa mguu, akatoka. Baba alimfuata taratibu akishika ukuta, na Hok Liang akaenda zake kulitafuta gari ambalo lilikuwa mbele ya macho yake. Nilibaki peke yangu na chai yangu ya Mlozi, majani mapya, ya wageni. Kikombe cha wifi kilikuwa upande wa pili wa meza, na tone limebaki chini. Nilichungulia uani, sikuona mtu, nikalinywa.